Ramani ya zamani ya 1:50,000: inafaa kusaka historia ya kijiji? Tumeipima Mufindi

Kamwene, watazamaji! Leo sina simu mpya wala sabufa. Nina karatasi. Hii hapa mezani ni ramani ya topografia, skeli ya 1:50,000, ile mliyosoma kwenye jiografia sekondari mkaichukia kwa sababu ya kontua. Nimetembea nayo Mufindi, mkoani Iringa, pande za Sao Hill, na swali langu ni moja: mtu wa kawaida akiinunua ili aijue historia ya kijiji chao, hela yake imeenda pazuri?

Imeenda. Ila kuna kitu ukague kabla hujatoa pochi. Tazama hapa pembeni, chini. Kuna mwaka wa kuchapwa na kuna mwaka wa picha za anga. Ramani hizi zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege, kazi ya idara ya Uingereza ya upimaji wa ng'ambo, DOS, wakishirikiana na wapimaji wa Dar es Salaam. Kutoka ndege kupita hadi karatasi kuchapwa, miaka kadhaa inaweza kukatika. Wewe shika mwaka wa ndege. Maandishi yakiwa yamefutika, kwa upande wa Makambako na Mbeya angalia reli: TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa hiyo karatasi ya eneo inakopita reli, ikiwa haina reli, inaonyesha nchi ya kabla ya hapo.

Huku kwetu tofauti ya miaka michache ni kubwa mno, kwa sababu 1974 ilikuja Operesheni Iringa. Watu wakahamishwa kutoka makwao wakawekwa kwenye vijiji vya pamoja. Sasa tazama karatasi hii, ndege ilipita kabla. Hivi vitone vyeusi ni nyumba, na havijapangwa kwa mstari hata kidogo: vitatu kwenye mgongo huu wa kilima, viwili juu ya chemchemi, kimoja peke yake kule ng'ambo ya kijito. Hivyo ndivyo watu walivyokaa. Ukilinganisha na picha ya setilaiti ya leo, mgongo huo huo ni misonobari mitupu.

Tukaenda. Ndani ya msitu, katikati ya mistari ya miti iliyonyooka, tukakuta vichaka vya mianzi ya ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi. Mtu wa Iringa haelezwi hapo: mianzi ile hupandwa na mtu, tena karibu na anapoishi. Pembeni kulikuwa na jiwe la kusagia, limelika katikati. Mahame hayo. Shamba la miti la Sao Hill lilianza kwa majaribio mwaka 1939, na upanuzi mkubwa ukaja miaka ya 1960 na 1970, kwa hiyo kuna mahame mengi tu yaliyofunikwa namna hii.

Lakini ramani peke yake haikwambii nyumba ilikuwa ya nani. Hapo unahitaji wazee. Na mzee usimpe karatasi kaskazini ikiwa juu kama darasani. Igeuze mpaka mlima wa kwenye karatasi uelekee mlima wenyewe. Babu mmoja tulipomfanyia hivyo aliweka kidole kwenye njia ya vitone vitone akasema, "Hii tulipitia kupeleka pareto." Kisha akaanza kutaja koo, kilima kwa kilima, na mimi nikawa naandika pembezoni kwa penseli. Kwangu, saa ile imelipa bei yote ya ramani.

Kasoro ipo, na ni ya kiufundi. Gridi ya karatasi hizi imefungwa kwenye mfumo wa zamani wa kupima mahali duniani, Arc 1960, wakati simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za kwenye ramani ukazitia kwenye simu hivyo hivyo, utapotoka karibu mita 300. Kwenye karatasi ni milimita sita tu, lakini huku kwenye mabonde ni kilima kingine kabisa! Dawa yake ni QGIS, programu ya bure ya kompyuta: unaitia ramani uliyoskani, unaiambia iko kwenye Arc 1960, UTM (gridi ya mita) kanda ya 36 kusini, nayo inakusogezea.

Kuna wanaoniuliza kuhusu ramani za Mjerumani, zile za 1:300,000 za wachoraji Sprigade na Moisel. Nzuri kutazama, na ukitafuta Tukuyu utaikuta kwa jina la Neu-Langenburg. Kwa kijiji kimoja hazitoshi. Vijiji vingi mle vimeandikwa kwa jina la jumbe, yaani mkuu wa kijiji, aliyekuwepo, na jumbe akifa au akihama, jina linahama naye. Zitumie kwa njia za misafara na mipaka ya watawala, basi.

Halafu, jamani, pitia kwa mtendaji wa kijiji kwanza. Ukionekana porini na ramani kuukuu, watu watadhani unatafuta mali iliyofukiwa na Mjerumani, au umekuja kupima ardhi yao. Sisi tuliulizwa kifaa cha kugundua dhahabu tumekificha wapi.

Kama una hela ya karatasi moja, chukua toleo la zamani kuliko yote utakayopata ya eneo lenu. Mambo ya sasa setilaiti inakupa bure. Karatasi moja inachukua kama kilometa 27 kwa 27, kata kadhaa zinaingia. Usiikunje, maana kwenye makunjo ndipo majina yanapofutika kwanza. Ipeleke stesheneri wakuskanie vipande vipande uviunge, uchapishe nakala ya kuchorea na kunyeshewa mvua, na ile yenyewe ibaki nyumbani.