Washington kwa siku moja: makumbusho asubuhi, minara jioni

Kwa anayependa kutembea, National Mall ya Washington, uwanja mrefu wa wazi wenye makumbusho na minara ya kumbukumbu, inastahili nyota nne. Ya tano imeondolewa na ukosefu wa kivuli na chakula ghali cha vibandani.

Wengi huanzia kwa Lincoln, yaani jengo la kumbukumbu ya Rais Abraham Lincoln, na hapo ndipo siku inapoharibika. Makumbusho ya Smithsonian, taasisi ya taifa yenye majumba mengi hapa, hufungua saa 4 asubuhi na kufunga saa 11 na nusu jioni, ilhali minara ya kumbukumbu iko wazi usiku na mchana. Ukizunguka juani kutwa, utafika mlangoni mwa makumbusho saa 10 jioni umechoka, na bado kuna foleni ya kukaguliwa mifuko. Maliza ya ndani kwanza.

Kiingilio ni bure kwa kila mtu, awe raia au mgeni. Lakini bure haimaanishi huna haja ya tiketi: Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa 2016, huingiwa kwa tiketi yenye saa maalumu, nayo huchukuliwa mapema mtandaoni bila malipo. Jumatatu hufungua saa 6 mchana.

Kama muda unatosha jumba moja tu, liwe hili. Usianzie ghorofa za juu zenye muziki na michezo. Shuka kwa lifti hadi chini kabisa, karne ya 15, kisha panda polepole kupitia biashara ya utumwa, vita na ubaguzi. Humo mna jeneza la Emmett Till, kijana aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, na watu hupita hapo kimya. Sehemu hiyo ya chini peke yake inakula saa 2 hadi 3. Chakula cha mchana kipo humohumo, mapishi ya Wamarekani Weusi, na ndicho pekee kwenye njia hii chenye thamani ya hela yake.

Ukitoka, Washington Monument, mnara wa mawe wa kumkumbuka Rais George Washington, uko mbele yako, urefu wa mita 169. Tazama rangi ya mawe inavyobadilika kwenye theluthi ya kwanza: ujenzi ulisimama kwa zaidi ya miaka 20, na waliporudi kazini mawe hayakufanana. Kupanda juu kunataka tiketi nyingine, ukiikosa, usisikitike.

Elekea magharibi. Kumbukumbu ya Vita Kuu ya Pili ni ya kupita tu. Ukuta wa Vietnam, wenye majina ya wanajeshi wa Marekani waliokufa au kupotea katika vita hivyo, ndio unaohitaji utulivu. Majina yake, zaidi ya 58,000, hayakupangwa kwa alfabeti bali kwa tarehe ya kufa au kupotea, na hilo huwachanganya wengi. Yanaanzia katikati, pembe ya kuta mbili, kwenda kulia hadi mwisho, kisha yanaendelea kutoka ncha ya kushoto kurudi katikati. Wa kwanza na wa mwisho wanakutana hapo. Anayetafuta jina aangalie kwanza daftari lililo karibu na ukuta, limpe namba ya bamba na mstari.

Kwa Lincoln fika jua linapozama. Kwenye ngazi, tafuta jiwe lililochongwa mahali aliposimama Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi, akitoa hotuba yake tarehe 28 Agosti 1963. Mwanga ukififia utalikanyaga bila kuliona. Sanamu ya King mwenyewe iko kusini, kando ya maji ya Tidal Basin.

Toka Bunge la Marekani hadi kwa Lincoln ni kilomita 3 na ushei, na hapo hujahesabu kuzungukazunguka. Vaa viatu vilivyozoea mguu, beba chupa ya kujaza maji. Treni ya chini ya ardhi haifiki kwa Lincoln, na mabasi ya Circulator yanayotajwa na vitabu vya zamani yalisitishwa mwisho wa 2024. Wakati wa kurudi, kituo cha Foggy Bottom ni mwendo wa kama dakika 25, kwa hiyo bakiza nguvu za miguu.