Mario Kart World: utamu wake umo kwenye mchujo

Mario Kart 8, mchezo wa video wa mbio za magari wa Nintendo, ilitoka mwaka 2014 kwenye mashine ya Wii U, ikarudi 2017 kwenye mashine ya Switch ikiwa imenenepeshwa, na kati ya 2022 na 2023 ikaongezewa njia 48 za mbio hadi zikatimia 96. Kwa hiyo anayeuliza kama Mario Kart World, iliyotoka Juni 5, 2025 pamoja na Switch 2, inastahili kushangiliwa, ana haki ya kuuliza. Alichonacho nyumbani bado hakijamchosha. Jawabu letu ni ndiyo, inastahili, lakini sababu si ile inayopigiwa tarumbeta.

Kinachopigiwa tarumbeta ni kwamba njia zote sasa zimo kwenye ulimwengu mmoja, zimeunganishwa kwa barabara, na unaweza kuendesha kutoka mjini hadi pwani bila kusimama. Ni kweli, na inapendeza macho. Thamani ya barabara hizo lakini inaonekana pahala pamoja tu: kwenye Knockout Tour, mbio za mchujo.

Madereva 24 wanaondoka pamoja upande mmoja wa ramani, badala ya 12 wa zamani. Safari ina vipande sita na hakuna kupumzika kati yake. Geti la kwanza linapitisha watu 20, la pili 16, kisha 12, kisha 8, kisha 4, na hao wanne wanagombania ushindi. Ukifika wa 21 kwenye geti la kwanza, kwako imekwisha. Kinachobadilika hapa ni hesabu nzima ya mchezo. Katika mbio za kawaida ukipigwa gamba la kobe, silaha ya mchezo huu, ukashuka nafasi sita, una mizunguko miwili ya kujirekebisha. Kwenye mchujo, kupigwa mita chache kabla ya geti ni kutoka.

Wengi wanatolewa mapema kwa kosa moja: wanakimbilia mbele tangu mwanzo. Aliye mbele visanduku vya silaha vilivyoko njiani vinampa sarafu na maganda ya ndizi, ilhali walio nyuma wanapewa uyoga wa kuongeza mwendo wa tatu tatu, nyota na Bullet Bill (risasi inayokubeba mbele), na gamba la buluu linamtafuta wa kwanza peke yake. Hadi geti la tatu, kaa kati ya nafasi ya tano na ya kumi. Shikilia L ili ndizi au gamba libaki nyuma ya gari kama ngao dhidi ya gamba jekundu, na weka uyoga mmoja kwa ajili ya mkondo wa mwisho kabla ya geti. Sarafu nazo usizidharau: sasa zinafika 20 badala ya 10, kila moja inaongeza mwendo kidogo, na kila ukipigwa zinakumwagika. Mtu mwenye sarafu tatu hawezi kumfikia mwenye 20 kwenye barabara iliyonyooka, hata akikata kona vizuri kuliko yeye.

Barabara zile zile zinaiumiza Grand Prix, yaani mbio za kugombania kombe. Njia ya kwanza ya kombe unaizunguka mara tatu kama desturi. Kuanzia ya pili, unaanzia pale ulipomalizia, unaendesha barabara ndefu ya kuunganisha, na ukifika kwenye njia yenyewe unaipita mara moja tu, mbio zimekwisha. Kona hujaizoea na ushaondoka. Tena barabara hizo ni pana, kwa sababu lazima zibebe magari 24, na sehemu kubwa imenyooka. Kwa aliyezoea kuhesabu kona za Mario Kart 8 moja moja, huu ni upungufu wa kweli, na hatuoni sababu ya kuufunika. Dawa ni kuingia VS (mbio za mojamoja) au Time Trials (kushindana na saa) na kuchagua njia yenyewe, hapo unapata mizunguko mitatu kamili. Marekebisho ya Julai 2025 yaliwapunguza makali madereva wa kompyuta, na yakafanya njia za mizunguko mitatu zitokee zaidi kwenye mbio za intaneti. Mchezo pia ulitoka bila 200cc, daraja ya kasi kubwa kabisa ya Mario Kart 8 Deluxe (ile ya Switch), kwa hiyo wanaopenda mwendo wa kasi ile watabaki na 150cc, daraja iliyo chini yake, na Mirror, yaani njia zilizogeuzwa kama kwenye kioo.

Kutembea ovyo, yaani Free Roam, hatutakukalisha nako sana. Kuna vibonye vya buluu vyenye herufi P karibu 400, kila kimoja kinafungua jaribio fupi, na tuzo zake nyingi ni vibandiko vya kubandika kwenye gari. Watoto wa skuli za msingi watakaa humo siku nzima. Mkubwa atachoka mapema, khasa kwa kuwa watu wawili kwenye TV moja hawawezi kutembea pamoja. (Ng'ombe wa Moo Moo Meadows, aliyekuwa kizuizi barabarani miaka yote, safari hii ni dereva unayeweza kumchagua. Pemba, penye mchezo wa ng'ombe, huyu atapata mashabiki.)

Ufundi mpya ni mmoja na unalipa: kuruka kwa kujaza nguvu. Ukiwa umenyooka, shikilia R bila kugeuza usukani, subiri cheche, kisha achia. Gari linaruka na linaweza kupanda juu ya reli, waya au ukuta, na ukiruka tena ukiwa juu yake unapata msukumo mwengine. Wanaoshindwa ni wale wanaoshikilia R huku mkono tayari umeegemea upande mmoja. Mashine inasoma hiyo kuwa ni kuserereka kwenye kona, na gari linakwenda majini. Majini nako si hasara kama zamani. Gari linaelea, na kila wimbi ni ngazi ya kurukia, kwa hiyo Koopa Troopa Beach inamfaa anayejua kulisoma wimbi kabla halijanyanyuka. Jambo jengine: zima Smart Steering kwenye chaguo za udereva kwa kila mtu mzima. Inakuzuia kutoka barabarani, na kwa kufanya hivyo inakufungia njia nyingi za mkato. Mtoto wa miaka mitano muachie.

Sasa ununuzi, ambao hapa Unguja na Pemba ndio wenye mitego. Bei ya Marekani vilipotoka mwaka 2025 ilikuwa dola 449.99 kwa mashine, dola 79.99 kwa mchezo, na dola 499.99 vikiwa pamoja. Hicho kifurushi cha pamoja ndicho kinachoonekana nafuu, lakini mchezo uliomo si kadi, ni wa kupakua. Utahitaji zaidi ya GB 20 za intaneti, akaunti, na huwezi kumuazima jirani wala kuuza baadaye. Kadi ya Mario Kart World ina mchezo mzima ndani yake, unachomeka unacheza. Kwa mtu anayenunua bando la simu wiki kwa wiki, kadi ndiyo rahisi hata kama risiti inasema vyengine.

Mtego wa pili ni mashine za Japani. Nintendo wanauza huko aina mbili, na ile ya bei ndogo ina lugha ya Kijapani peke yake na inakubali akaunti za Japani tu. Sanduku linafanana sana na jengine. Usilipe Darajani, Mlandege wala Chake kabla muuzaji hajaiwasha na kukuonyesha orodha ya lugha. Kama Kiingereza hakimo, irudishe.

Mtego wa tatu ni memori kadi. Switch 2 inahifadhi michezo kwenye microSD Express tu. Kadi ya kawaida itaingia kwenye tundu, lakini kazi yake ni kunakili picha na video za zamani basi. Mashine ina GB 256 za ndani, kwa hiyo anayenunua kadi za mchezo hana haraka ya kutoa fedha hapo.

Chaja yake inapokea volti 100 hadi 240, umeme wa hapa hauna shida nayo, ila ya Marekani au Japani ina miguu miwili bapa na utahitaji adapta ya soketi ya miguu mitatu. Usijaribu kuitoa picha kwenye TV kwa chaja ya simu. Kituo chake, kile unachoiweka mashine ili picha iende kwenye TV, kinataka chaja ya wati 60, na chaja dhaifu itajaza betri polepole huku TV ikibaki nyeusi, kisha lawama apewe waya wa HDMI. Umeme ukikatika, mashine ina betri yake, hupotezi ulichofikia.

Mbio za intaneti zinataka uanachama wa kulipia, dola 19.99 kwa mwaka, na Tanzania haimo kwenye nchi zenye duka la Nintendo. Fungua akaunti ya nchi moja na ununue kadi za malipo za nchi hiyo hiyo. Namba ya kadi ya Marekani haifanyi kazi kwenye akaunti ya Uingereza. Kituo cha Switch 2 kina tundu la waya wa mtandao, utumie kama modemu iko chumba kimoja. Kwenye mchujo, intaneti inayokwama sekunde mbili inatosha kukutoa.

Kwa usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, watu wanne kwenye TV moja, mchujo unafanya kazi vizuri. Mashine inakuja na Joy-Con mbili, yaani vishikio vya kuchezea, kila mtu anashika moja kwa ubavu, kwa hiyo wawili wameshatimia. Wengine wawili watumie Joy-Con za Switch ya zamani. Zinaunganika bila waya, lakini hazishiki kwenye ubavu wa Switch 2, kwa hiyo zijazwe chaji mapema kwenye mashine yao. Jueni pia kwamba picha inashuka kutoka fremu 60 hadi 30 kwa sekunde mkiwa watatu au wanne. Wawili hawataona tofauti. Mkiwa wanne, kaeni karibu na TV, kwa sababu robo ya skrini yenye magari 24 inataka macho.

Na kadi yako ya Mario Kart 8 Deluxe usiiuze. Switch 2 inaicheza, na 200cc imo humo.