Mpira mweusi wa mafundi friji ndani ya HiAce: tathmini baada ya misimu miwili ya baridi

Mimi ni fundi umeme mjini Njombe, na gari langu la kazi ni Toyota HiAce ya mizigo isiyo na madirisha nyuma, ambayo hulala nje mwaka mzima. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa huku hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete, ambako nina wateja wengi, asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa sakitu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikifungua mlango alfajiri nakuta dari inatona, maboksi ya swichi yamelowa na kulegea, na koleo zimeanza kushika kutu. Bidhaa iliyoniondolea sehemu kubwa ya adha hiyo ni mpira laini mweusi ambao mafundi wa friji na viyoyozi huvika mabomba ya gesi, na ambao huuzwa pia kwa mita kutoka kwenye roli, katika unene wa milimita 13, 19 na 25.

Kabla yake nilimlipa fundi wa bodi anitandikie sponji ya godoro na kuifunika kwa zulia. Kazi ilipendeza macho, lakini msimu mmoja ulipopita gari lilinuka ukungu, na nilipobandua kona moja nilikuta bati limeliwa na kutu kwa upana wa kiganja. Sponji ya godoro ina matundu yaliyofunguka, kwa hiyo mvuke hupenya mpaka kwenye bati baridi, hugeuka maji hukohuko, kisha maji hayo hayana pa kukaukia. Nilikuwa nimelivisha gari nguo mbichi.

Mpira mweusi ni tofauti kwa sababu viputo vyake vya hewa vimefungwa kila kimoja peke yake, hivyo hauzuii baridi tu bali huzuia pia mvuke usilifikie bati. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha matone ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au chini ya hapo, na usiku usio na mawingu bati la juu ya gari hupoa hata kuliko hewa iliyolizunguka, ndiyo maana dari hutangulia kutoa jasho. Ukiweka milimita 19 za mpira huu, uso ambao hewa ya ndani inaugusa haupoi kiasi hicho.

Ubandikaji ndio unaoamua kama fedha yako itakuwa na faida. Nilipiga msasa penye kutu, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikafuta bati zima kwa spiriti, kisha nikatumia gundi ile ya mafundi viatu, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kugandamiza. Milango yote iwe wazi wakati huo, kwani harufu yake ni kali na mvuke wake hushika moto. Mara ya kwanza niliruka mbavu mbili za dari nikidhani ni nyembamba mno kuwa na madhara. Asubuhi iliyofuata matone yalikuwa yamejipanga juu ya mbavu hizo kwa mstari ulionyooka, mahali pengine pakiwa pakavu. Jambo jingine ni matundu madogo yaliyo chini ya milango na kingo za bodi: hayo ni ya kutolea maji ya mvua, nayo yasizibwe kamwe.

Hata hivyo mpira haupunguzi maji yaliyomo garini. Sehemu ya mizigo ya gari langu ni kama mita za ujazo 6, na mita moja ya hewa ya nyuzi 20 iliyoshiba mvuke hubeba takriban gramu 17 za maji, yaani gari zima halifikishi nusu ya kikombe kikubwa cha chai. Maji yaliyokuwa yakilowesha sakafu yangu yalitoka kwenye makoti ya mvua, kamba na buti zenye matope tulizokuwa tukifungia humo jioni. Sasa vitu hivyo hulala barazani, na feni ya paa inayozungushwa na upepo hutoa hewa iliyobaki. Kopo la kalisi kloridi linalonyonya unyevu nalo husaidia, ila likimwagika maji yake hula chuma vibaya, kwa hiyo lifungwe imara au lisiwekwe kabisa.

Kasoro za mpira huu ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya sponji ya godoro, na ulaini wake, kwani ngazi iliupasua siku ya pili hadi nilipoweka plaiwudi ya milimita 4 juu ya kuta. Pia hauvumilii cheche, hivyo anayechomelea ndani ya gari autafutie kinga. Mimi naupa alama 8 kati ya 10. Mlango wa pembeni sikuuvika, nikihofia kuzuia mwendo wa reli yake, na hadi leo ndio peke yake unaotoa jasho. Kipande cha mita moja na nusu kilichobaki nimekitunza kwa ajili yake.