CD za Gemu Zilizofutwa: Nilichouziwa Mwanza na Jibu Nililopewa Kaunta

Sifa za Dreamcast, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega, zimeandikwa kila mahali, na anayetaka kujua uwezo wa mashine hiyo atazipata bila msaada wangu. Ninachotaka kusimulia ni jibu nililopewa kwenye kaunta ya duka moja la vifaa vya umeme katikati ya mji wa Mwanza, mbele ya wateja wengine, siku niliporudisha CD ambayo nilikuwa nimeuziwa kama gemu kamili. Kijana wa kaunta aliipokea, akaigeuza mara moja, akanitazama, kisha akasema: "Dada, CD haina tatizo lolote. Mtafute kaka yako nyumbani akuoneshe namna ya kucheza." Ni muda sasa tangu siku hiyo, na bado jibu hilo linanipandisha hasira kila ninapoiwasha mashine.

Duka hilo huuza vitu vya mtumba kutoka Uingereza, yaani redio, deki, spika, na safari hii Dreamcast chache zilizokuja kwenye mzigo. Kwa upande wa mashine sina malalamiko makubwa. Mashine ya Uingereza inatufaa kuliko ya Marekani au Japani, kwa kuwa inatumia umeme kama wetu bila transfoma, plagi yake ni hii hii ya pini tatu, na picha yake inakubalika kwenye TV yoyote ya chogo iliyobaki sebuleni. Ukiiwasha, alama ya mzunguko wa buluu inajichora kwenye skrini polepole, na mtu aliyeiona utotoni atanielewa nikisema kwamba nilisimama katikati ya sebule nikaitazama hadi ilipokwisha.

Kilichonipeleka dukani hasa ni CD. Karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha kaunta ilisema kwamba wanazo gemu zilizofutwa kabla ya kutoka, ambazo hazikuwahi kuuzwa popote duniani, na kwamba zote ni kamili. Zilikuwa nne: Half-Life, Propeller Arena, Castlevania: Resurrection na Geist Force. Kila moja iliuzwa shilingi 15,000, bei ambayo kwa CD ya kuchoma ni kubwa mno, lakini niliilipa bila kubishana kwa sababu ya ile ya tatu.

Naomba nieleze kwa nini. Nilipokuwa shule ya msingi, mjomba wangu alirudi kutoka Uingereza na Dreamcast moja, na ndani ya boksi kulikuwa na gazeti la gemu lililokuwa limejaa picha za vitu ambavyo vingetoka hivi karibuni. Ukurasa mmoja ulikuwa na Sonia Belmont, shujaa wa Castlevania: Resurrection, ameshika mjeledi mbele ya ukuta wa mawe. Tulimsubiri Sonia nyumba nzima, mimi, dada yangu na watoto wa jirani, bila kujua kwamba wakati tunalifunua gazeti hilo, gemu lenyewe lilikuwa limeshafutwa. Konami walikuwa wakilitengeneza Marekani, wakalisitisha mwaka 2000. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Januari 2001, Sega wenyewe wakatangaza kwamba wataacha kuitengeneza Dreamcast ifikapo mwisho wa Machi, na baada ya hapo watabaki kuwa watengenezaji wa gemu za mashine za wengine. Gemu nyingi zilizokuwa njiani zikaishia pale pale zilipofika.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, na muuzaji anayejiita mtaalamu wa gemu hizi anapaswa kulijua jambo hili kuliko mimi: gemu zilizofutwa hazifanani. Propeller Arena ilikuwa tayari. Iliandaliwa na AM2, kundi la Sega lenye heshima kubwa, na ilitarajiwa kutoka Septemba 2001, lakini baada ya mashambulizi ya tarehe 11 ya mwezi huo Sega hawakuona namna ya kuuza gemu la ndege zinazopigana angani, ambalo uwanja wake mmoja ni jiji la maghorofa marefu. Half-Life nayo ilikuwa karibu kabisa kukamilika. Captivation Digital Laboratories walikuwa wakiihamisha kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye Dreamcast, kampuni ya Gearbox ikaiandalia sehemu mpya iitwayo Blue Shift, kisha Sierra, waliokuwa wachapishaji wake, wakaifuta katikati ya mwaka 2001 kwa kuwa soko la mashine lilikuwa limekufa. Blue Shift ikatoka kwenye kompyuta, na wenye Dreamcast hawakupata kitu mpaka nakala ilipovuja. Castlevania ni habari nyingine kabisa. Kilichopo duniani ni nakala ya majaribio ya mwaka 1999 iliyojitokeza hadharani mwaka 2021, na mtu yeyote aliyewahi kuiweka kwenye mashine kwa dakika chache anajua kwamba haijafika hata nusu ya gemu.

Nilipoiweka na kuwasha mashine, kwanza kadi ya kumbukumbu niliyouziwa ilipiga ule mlio wake mrefu na mkali, kwa kuwa ilikuwa na betri zilizokufa, zile bapa za duara zinazowekwa pia kwenye rimoti za magari. Kisha mashine ikaniomba tarehe na saa, kwa kuwa betri yake ya ndani nayo haikai na chaji. Nilijaza kwa pedi, namba moja baada ya nyingine, na vidole vikinitetemeka kwa furaha. Kisha Sonia akatokea. Anatembea, anaruka, mjeledi unatoka, na kuta za mawe ni zile zile za kwenye gazeti. Nilipita kipande kimoja cha jengo, nikapita kingine, vyote vifupi, maadui wachache wakiwa wamesimama kana kwamba hawajaambiwa cha kufanya. Kisha hapakuwa na pa kwenda. Nilirudi nyuma, nikagusa kila ukuta, nikajaribu kila kona. Binti wa dada yangu aliyekuwa ameketi pembeni akaniuliza, "Mama mdogo, imekwama?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Siku niliyorudi dukani nilizungumza kwa adabu. Nilisalimia, nikaeleza kwamba sidai CD ni mbovu, bali kwamba karatasi yao inasema gemu ni kamili wakati hiyo ni sehemu ndogo iliyokuwa ikijaribiwa. Nilitegemea kijana aseme kwamba hakujua, jambo ambalo lingeeleweka. Badala yake akanipa lile jibu la kaka yangu. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua waya akacheka. Nikamwomba kijana aiweke kwenye mashine yao pale pale tuone pamoja inaishia wapi, akakataa kwa maelezo kwamba TV ya dukani ina mpira. Mwenye duka, ambaye alikuwa nyuma akinywa chai, hakuinuka hata kwenye kiti, akasema tu kwamba CD ikishatoka dukani hairudi, na kwamba gemu za zamani ndivyo zilivyo, fupi. Hiyo si kweli hata kidogo, na mtu anayeuza gemu za zamani kwa bei hiyo anajua si kweli.

Sina kaka. Hilo si la kumweleza muuzaji, na hata kama ningekuwa na kaka kumi, nimeshika pedi ya Dreamcast tangu kijana yule hajazaliwa. Hivi mwanamke akileta hoja kuhusu bidhaa aliyolipia kwa fedha yake, hoja hiyo inakuwa haina uzito mpaka mwanaume aje kuithibitisha? Katika mji huu wanawake wanaendesha biashara za dagaa za mamilioni kule mwaloni Kirumba, na hakuna anayethubutu kumwambia mmoja wao akamwite kaka yake aje ahesabu magunia.

Nilipofika nyumbani Nyegezi nilikuwa na hasira kiasi cha kuona ubaya katika kila kitu kilichotoka duka lile. Kijiti cha pedi kilikuwa kimelegea upande wa kushoto, jambo ambalo hadi siku hiyo sikulijali. Waya wa picha ulikuwa unahitaji kushikiliwa. Kava za CD zilikuwa zimechapishwa kwa wino uliokwisha, na jina la Geist Force lilikuwa limekosewa. Gemu hilo la Geist Force nalo ni la majaribio, lilikusudiwa kutoka pamoja na mashine siku zake za mwanzo na likafutwa, na pale dukani limeandikwa kamili kama mengine. Nilikaa nikaanza kuandika tathmini ya nyota moja ambayo isingewaachia hata chembe ya sifa.

Kilichonizuia ni Propeller Arena. Binti wa dada yangu aliiweka jioni hiyo hiyo wakati mimi nikiandika, na nilisikia gitaa za kasi zikilia, kisha injini, kisha kelele zake yeye mwenyewe. Nilichukua pedi ya pili. Skrini ikagawanyika, ndege zetu za pangaboi zikapanda juu ya mawingu, naye akanitungua kabla sijajua kitufe cha kupiga risasi kiko wapi. Tulicheza hadi chakula kikapoa. Sijacheza kitu kizuri hivyo kwa muda mrefu, na sikuona popote dalili kwamba gemu hilo halikumalizika: linafunguka haraka, ndege zinageuka pale unapotaka zigeuke, na ukishinda unatangazwa mshindi kama inavyotakiwa. Watu waliketi wakalimaliza, wakalisubiri liende madukani, na halikwenda. Kwa usiku ule nilikuwa tayari kulisamehe duka zima, kijana, mzee wa waya na mwenye chai, kwa sababu bila wao nisingelipata mjini Mwanza, na nilifuta yote niliyokuwa nimeandika.

Half-Life pia ina thamani, ingawa inahitaji subira. Inapotoka eneo moja kwenda jingine inakaa inasoma kwa muda unaotosha kwenda jikoni na kurudi, na mapigano yakiwa makali picha inakuwa nzito. Lakini inasonga mbele, hatua baada ya hatua, na mchezaji anaona kabisa kwamba mikono iliyoitengeneza ilikuwa imebakiza kazi ndogo. Kwa hiyo kati ya CD nne, mbili zinastahili fedha niliyotoa, na ningezinunua tena.

Hata hivyo, kadiri ninavyoifikiria furaha ya usiku ule ndivyo hasira inavyorudi, na safari hii ikiwa na sababu nzito zaidi. Kijana angeniambia, "Dada, hii Castlevania ni ya majaribio, ina vipande vichache tu, ndivyo ilivyobaki," ningeinunua. Ningeinunua kwa bei ile ile, pengine kwa zaidi, kwa sababu kumwona Sonia akitembea baada ya miaka yote hiyo ni jambo ambalo siwezi kulipangia bei. Ningekaa na binti yule nikamweleza tangu mwanzo kwamba tunatazama kazi iliyokatishwa, na angeitazama kwa macho hayo. Badala yake tulitumia jioni nzima tukigusa kuta tukidhani njia ipo na sisi ndio hatuioni. Waliotengeneza gemu lile wanastahili kuoneshwa kwa haki: kazi yao ilisimamishwa ikiwa changa, na kumwambia mnunuzi kwamba hapo ndipo walipoishia kwa hiari yao ni kuwasingizia.

Kwa anayekwenda kununua, nashauri mambo machache. Muuzaji akuwekee CD kwenye mashine hiyo hiyo unayoichukua, hata kama TV ina mpira, kwa sababu baadhi ya Dreamcast zilizotengenezwa mwishoni hazisomi CD za kuchoma kabisa na utafika nazo nyumbani bure. Sikiliza mlio wakati wa kuwasha, ili ujue kadi ya kumbukumbu ina betri au la. Chukua Propeller Arena bila kusita. Chukua Half-Life kama una subira. Castlevania na Geist Force zichukue ikiwa tu unazipenda kwa historia yake, na usilipe bei ya gemu zima.

Kuhusu nyota, nilianza na moja, nikapanda hadi nne usiku wa Propeller Arena, na leo natoa mbili. Ya tatu nitaiongeza siku karatasi ile ya kwenye kioo itakapobadilishwa na kusema wazi ni gemu zipi ni za majaribio. Ya nne iko mikononi mwa kijana wa kaunta, na anachotakiwa kufanya ni kuniomba radhi kwa sauti ile ile aliyoitumia kunijibu, wateja wakiwepo.