Niliambiwa masikio yangu ndiyo yamechoka

Tangu mvua za masika zilipokatika nimekuwa nikitaka kuandika haya kwa utulivu, na kila nilipoanza hasira ilinizidi. Nilinunua seti ya spika tano na sabufa katika duka moja la katikati ya jiji la Mwanza, ya kutazamia filamu za mtandaoni nyumbani kwangu Nyegezi. Fundi wa duka alikuja, akatandaza waya, akapiga wimbo mmoja uliotikisa madirisha, akapokea chake akaondoka.

Jioni ile ile tuligundua kwamba spika mbili za nyuma hazitoi hata mnong'ono, na ile ya kati, ambayo ndiyo hubeba maneno ya waigizaji, imenyamaza kama Jiwe la Bismarck. Nilipopiga simu niliambiwa intaneti ya Mwanza ndiyo dhaifu. Nikajibu kwamba Netflix yenyewe hupendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, kwamba mtandao wangu unazidi hapo, na kwamba sauti ya spika zote hizo haifikishi hata megabiti 1.

Kesho yake nilipakata ampilifaya ndani ya daladala hadi mjini. Pale kaunta, mbele ya wateja, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho hakufungua hata boksi. Shikamoo hakuitoa. Alicheka, akasema: "Mzee wangu, mashine ni nzima, masikio ndiyo yamechoka." Masikio haya yamefundisha kwaya kwa zaidi ya miaka 20, nami huitambua besi iliyoshuka nusu toni nikiwa bado nje ya mlango!

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo wa kutia aibu. Binti yangu aliinama nyuma ya televisheni akakuta fundi ameunganisha waya wa pini nyekundu na nyeupe, ambao hupitisha njia mbili tu za sauti, ya kushoto na ya kulia. Hizo spika nyingine zingepata wapi la kusema? Tulinunua kebo ya HDMI, tukaichomeka kwenye tundu lililoandikwa ARC, lile linalorudisha sauti kutoka televisheni hadi ampilifaya, na si jingine, kisha katika mipangilio ya sauti ya televisheni tukaiondoa PCM, yaani sauti isiyobanwa, kwa kuwa kupitia ARC hiyo nayo huishia njia mbili. Mvua ikanyesha katika filamu, nyuma ya kiti changu, nami nikageuka kutazama dirisha.

Nilikusudia kuwashauri msinunue kabisa. Sasa siwezi, maana seti ni nzuri mno, na bei, nakiri, ilikuwa ya haki. Nunueni, lakini si pale. Au nunueni pale pale, mkatae fundi wao. Hapana, nikikikumbuka kile kicheko narudi kwenye neno langu la kwanza. Boksi nimelitunza chini ya kitanda pamoja na risiti, kana kwamba nitarudisha kila kitu, ingawa juzi mke wangu alinikuta saa sita usiku nikiisikiliza mvua ile ile kwa mara ya nne.