Hita ya mafuta ya wati 2000: nzuri kwa chumba cha kulala, si ya kila mahali

Wauzaji wengi watakwambia hita ya mafuta inakula umeme kidogo kuliko ya feni. Si kweli. Wati 2000 ni wati 2000, na hita zote za aina hii hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Mafuta yaliyomo ndani hayaungui wala hayaongezwi. Kazi yake ni kubeba joto kutoka kwenye koili (waya wa ndani unaopata moto) hadi kwenye mapezi (mabati ya nje yaliyojipanga kama mbavu) na kulitunza. Ukizima, mapezi hubaki na joto kwa muda, ila joto hilo umeshalilipia.

Kinachookoa pesa hapa ni themostati, yaani kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichochagua. Hita ya mapezi tisa kwa kawaida ina swichi mbili zenye hatua tatu: wati 800, 1200 na 2000. Ikiwaka mfululizo saa 5 kwenye hatua ya juu, inakula uniti 10. Themostati ikiikata nusu ya muda huo, zinabaki 5. Kosa kubwa ni kuacha kitufe cha kuzungusha cha themostati kwenye namba ya mwisho usiku kucha, maana hapo hita karibu haikati kabisa.

Ipange hivi. Funga mlango, washa swichi zote mbili, zungusha kitufe hadi mwisho, usubiri chumba kipate joto linalokutosha. Hesabu nusu saa au zaidi, kwa sababu mafuta hupata moto taratibu. Kisha rudisha kitufe nyuma polepole mpaka usikie "tik" na taa izimike. Kiache hapo hapo. Chumba kikipoa, itawaka yenyewe. Ikiwa inakata huku chumba bado baridi, angalia ilipowekwa: themostati hupima hewa iliyo jirani yake, kwa hiyo hita iliyobanwa nyuma ya kochi au chini ya pazia hujidanganya kwamba kazi imekwisha.

Kabla ya kuilaumu hita, tazama chini ya mlango. Mlango wa upana wa sentimita 90 wenye mwanya wa milimita 5 ni sawa na tundu la sentimita za mraba 45, na hewa baridi inapita hapo muda wote. Ubao wenye brashi au mpira unaofungwa kwa skrubu chini ya mlango unamaliza tatizo hilo, na hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya hita. Lakini kama chumbani kuna jiko la mkaa au la gesi, usizibe matundu ya hewa hata kidogo. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Kwa umeme wa volti 230, hita hii inavuta karibu ampea 9. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyembamba, hasa ikiwa imeviringishwa, hupata moto hadi plastiki kuyeyuka. Ukigusa plagi baada ya saa moja ukaikuta inaunguza, huenda soketi imelegea: izime hita na uite fundi. Na nguo usizianike juu ya mapezi.

Kwa chumba cha kulala chenye mlango unaofunga vizuri, inastahili alama nne kati ya tano: haina kelele wala mwanga, na haipulizi vumbi. Kwa sebule iliyo wazi, mbili. Kwa mtu mmoja anayekaa mezani saa moja, hita ya mirija inayommulika moja kwa moja inamfaa zaidi, kwani hana haja ya kupasha chumba kizima.

Harufu ya rangi siku ya kwanza ni ya kawaida, fungua dirisha tu. Ikiwa ilisafirishwa au kuhifadhiwa ikiwa imelazwa, isimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta yashuke na kuifunika koili iliyo chini. Ukiona mafuta yanavuja, usiizibe kwa gundi. Hiyo haifai tena.