Tiketi ya Kisumu hadi London: ipi ununue, ipi uikimbie

Kwa mstari ulionyooka, Kisumu na London zimeachana kwa takriban kilomita 6,600. Hakuna ndege ya moja kwa moja, hivyo unaanza kwa kwenda kinyume: kilomita 270 hivi hadi Nairobi, dakika 45 hadi 50 hewani. Kutoka hapo zimebaki kama 6,840, karibu saa 9. Njia fupi ingepita juu ya Sudan, ila tangu vita vianze huko Aprili 2023 ndege hukwepa anga hiyo.

Usichague kwa bei pekee. Uliza kwanza: ndege ya Kisumu ikichelewa, hasara ni ya nani?

Nafasi ya kwanza tunaipa tiketi moja ya Kisumu–Nairobi–London. Ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, shirika ndilo linalokutafutia kiti kingine. Ukihesabu saa 3 za kusubiri Nairobi, safari nzima ni kama saa 13. Hakikisha namba ya uhifadhi, ile ya herufi sita, ni moja kwa vipande vyote viwili. Pale Kisumu soma lebo ya begi kabla halijaondoka: LHR maana yake utalipokea Heathrow, ikisoma NBO, utalichukua Nairobi na kulikabidhi upya.

Ya pili ni basi hadi Nairobi, kisha ndege ya moja kwa moja. Ni kilomita 345 hivi kupitia Kericho na Nakuru, saa 7 siku barabara ikiwa njema. Lori moja likikwama Mau Summit au Salgaa, hesabu hiyo imeharibika. Fika Nairobi siku moja kabla, na gharama ya kulala uiweke kwenye bajeti.

Kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai ni ya tatu. Addis haikupotezi sana: jumla ni kama kilomita 7,100 kutoka Nairobi. Dubai inafika 9,000, yaani zaidi ya saa 12 angani kabla ya kuhesabu kusubiri. Chukua ikiwa nauli imeshuka kweli, na epuka muunganisho wa chini ya dakika 90. Wewe unaweza kukimbia, begi lako haliwezi.

Ya mwisho, na hii tungeikataa hata kwa punguzo, ni tiketi mbili tofauti za siku moja. Ya kwanza ikichelewa, ya London imeungua na hakuna wa kumlalamikia. Tena baadhi ya ndege za Kisumu hutua uwanja wa Wilson, si JKIA (Jomo Kenyatta) ambako ndege ya London huondokea, na kati ya viwanja hivyo kuna foleni ya Nairobi. Nauli ya chini ya ndani pia mara nyingi hubeba mkoba wa mkononi tu, huku ya London ikiruhusu begi la kilo 23. Ongeza malipo ya mzigo ndipo ulinganishe. Ukilazimika, ruka kutoka Kisumu asubuhi, kwani mvua za radi za ziwani hupenda alasiri.

Mursik na aliya viache nyumbani: Uingereza hairuhusu abiria kutoka Kenya kuingia na maziwa wala nyama.

Saa zilizo kwenye tiketi ni za kila mji. London iko nyuma yetu kwa saa 3 msimu wa baridi na 2 wakati wa kiangazi chao, ndiyo maana safari ya saa 9 huonekana kama ya 6 au 7.